Mguu Wako Haukuvimba

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuupita mstari mmoja, Kumbukumbu la Torati 8:4: "Mavazi yako hayakuchakaa, wala mguu wako haukuvimba, miaka hii arobaini." Musa ametoka tu kutaja mana, mara anageukia miguu. Neno hili limenilemea kwa ajili ya ndugu zetu wanaoamua ghafla, zimebaki siku sita au saba, kwenda safari ndefu ya kutembea kwa miguu, hema na chakula vyote mgongoni.

Kuamua upesi si dhambi. Israeli walitoka Misri na unga usiotiwa chachu. Ila Luka 14:28 inatutaka tuketi kwanza tuhesabu gharama, basi tuhesabu. Mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili: mwenye kilo 60 abebe kilo 12. Lita 2 za maji ni kilo 2. Chakula kikavu, gramu 700 kwa siku, kwa siku tano ni kilo 3.5. Zimebaki kilo 6.5 za begi lenyewe, hema, mfuko wa kulalia, nguo, sufuria na dawa. Lipime begi kwenye mizani, usikisie. Waebrania 12:1 inaposema tuweke kando kila mzigo mzito, anza na suruali ya tatu.

Sasa miguu. Nasema kwa upendo, ila nasema wazi: anayenunua viatu vipya Alhamisi akaondoka navyo Jumamosi, huku akisema Bwana atanitia nguvu, huyo anamjaribu Bwana Mungu wake. Nguvu atakupa, lakini macho ya kutazama soli alishakupa. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, hata kama si vizuri kwa sura. Vikunje kwa mikono uone kama gundi ya soli imeanza kuachia. Mguu huvimba kidogo ukitembea kutwa nzima, kwa hiyo pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kucha zikate siku mbili kabla, kwa mstari ulionyooka. Soksi za pamba ziache nyumbani, kwa sababu hushika jasho na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Chukua za sufu, jozi mbili za kupokezana njiani na moja kavu ya kulalia tu.

Lengelenge linatokeaje? Ngozi ya juu inang'ang'ania soksi, mfupa ndani unaendelea kusogea, na tabaka za ngozi zinaachana katikati, maji yanajaa pale. Kabla ya hapo mwili hukuonya: unasikia joto mahali pamoja, mara nyingi kisiginoni. Simama hapo hapo, ndugu yangu. Usiseme "nikifika kambini." Vua kiatu, kausha, bandika plasta pana isiyo na mikunjo, kisha kaza kamba sehemu ya kifundo ili kisigino kisipande na kushuka. Ni dakika tano tu. Ukizinyima, utalipa kwa siku tatu za kuchechemea, na wenzako watalipa pamoja nawe. Kwenye mteremko kaza tena, vidole visigonge mbele. Lengelenge dogo likishatokea, usilitoboe. Likipasuka lenyewe, usiibandue ngozi ya juu. Ioshe na uifunike.

Siku nne kabla, tembea kilomita 8 na begi likiwa limejaa, viatu na soksi zile zile. Funga kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, ndipo uvute mikanda ya mabega. Mabega yakiuma sana, mkanda wa chini umelegea. Baada ya hapo pumzika. Wiki moja haitoshi kujenga mwili. Misuli huzoea katika wiki chache, kano za kisigino na goti huchukua miezi, ndiyo maana siku tatu za kwanza zisizidi kilomita 12 hadi 15, hata ukijisikia kama simba. Nabii Eliya alikwenda mwendo wa siku moja nyikani akaketi chini ya mti wa mretemu, na malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamgusa tena: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Alikula mara mbili kabla ya kuianza njia ya mlima Horebu. Nawe ule kabla njaa haijakuuma, kidogo kidogo kila saa.

Jambo la mwisho, na wengi huliruka. Andika karatasi: njia utakayopita, utakapolala kila usiku, siku ya kurudi, na saa ambayo usipopatikana watu waanze kukutafuta. Mwachie mtu anayeshika simu yake, naye aahidi kwamba saa hiyo ikifika atapiga simu kuomba msaada bila kuona haya.