Overcooked! 2: gemu ya jikoni ambayo mama yangu aliielewa kabla yangu

Kuanzia mwezi wa sita huku Uyole, Mbeya, ikifika saa moja jioni hakuna cha kufanya nje, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, watu wanakula mapema wanafunga milango, na kwetu ndo unakuwa msimu wa gemu. Nyumbani tuna laptop moja na pedi mbili za kuchezea gemu, moja mpya na nyingine kitufe chake mpaka ukibonyeze kwa nguvu. Miaka yote tulikuwa tunacheza mpira tu, yani mmoja anashinda mwingine ananuna, mpaka mdogo wangu alivyorudi likizo kutoka chuo Iringa akaja na Overcooked! 2. Nimeicheza mwezi mzima sasa na nina mengi ya kusema, mazuri na mabaya, ila mazuri ni mengi.

Kwa ambaye hajaiona, nyinyi ni wapishi, mnaweza kuwa hadi wanne, mko kwenye jiko moja, oda zinashuka juu ya skrini na muda unakimbia. Mtu anakata, mtu anapika, mtu anaosha sahani, mtu anapeleka dirishani. Ya kwanza ilitoka 2016, imetengenezwa na jamaa wawili tu wa Uingereza, studio yao inaitwa Ghost Town Games, hii ya pili ikaja Agosti 2018 wakishirikiana na kampuni ya Team17 waliokuwa wameisambaza ile ya kwanza. Na kitu kikubwa walichoongeza ni kimoja: unaweza kurusha.

Ukisikia hivyo unaona ni kitu kidogo, mimi nasema kurusha ndo gemu yenyewe. Kwenye ile ya kwanza ukikata nyanya ilibidi uibebe mkononi mpaka ilipo meza, njiani unagongana na mwenzako, mnasukumana kwenye uwazi mwembamba, nusu ya muda inaishia hapo. Sasa hivi unasimama ulipo unamrushia. Akiwa amekuangalia anaidaka, asipokuwa amekuangalia inaanguka chini, na jiko likiwa juu ya maji ndo imeenda hiyo. Nyama mbichi unaweza kuirusha ikatua moja kwa moja kwenye kikaango, na siku ya kwanza dogo alivyonifanyia hivyo kutoka upande wa pili wa mto nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila sahani hairushwi, wala chakula kilichoiva, hapo lazima mtu atembee, na ndo walipocheza akili kwa sababu kama kila kitu kingerushwa hakuna ambaye angehama alipo.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba kurusha kunakulazimisha uongee. Huwezi kumrushia mtu kimya kimya. "Dada, samaki!" "Leta!" "Wali tayari?" "Bado, subiri, subiri, haya!" Mimi na huyu dogo tangu aende chuo tulikuwa tumebaki na salamu na kuombana vocha, sasa tunakaa bega kwa bega kwenye mkeka mmoja tunaitana kila sekunde tano. Sijawahi kuongea naye hivyo toka tukiwa wadogo tunachota maji.

Mama sasa. Mama alikuwa mama ntilie Mwanjelwa miaka mingi kabla miguu haijaanza kumsumbua, na jioni moja alikuwa amekaa nyuma yetu anamenya viazi huku anatuangalia tunavyounguza wali kwa mara ya nne. Kwenye hii gemu sufuria ikizidi muda inaanza kutoa alama ya hatari, ukiichelewesha inashika moto, moto unahamia kwenye meza ya jirani, na mtu aache kazi zake akatafute mtungi wa kuzimia. Akaweka kisu chini akasema, "Kwani nyie mbona wote mnakimbilia sufuria? Mmoja asimame kwenye moto asiondoke. Mwingine akate na kuosha. Jikoni mtu hahamihami." Tukafanya alivyosema. Nyota tatu. Mara ya kwanza tunapata nyota tatu kwenye ile steji ya sushi ambayo ilitutesa siku mbili.

Akaongeza kingine ambacho mimi sikuwa nimekiona kabisa, kwamba oda tuzihudumie kwa foleni zilivyoingia, wa kwanza apewe kwanza. Na kweli, ukipeleka kwa mpangilio kuanzia kushoto bakshishi inazidi kupanda mpaka mara nne, ukiruka foleni inarudi chini. Sisi tulikuwa tunapeleka chochote kilichoiva. Yeye aliijua kwa sababu kwenye banda lake mteja aliyekaa muda mrefu akiona aliyekuja sasa hivi anapewa sahani anaondoka na harudi.

Basi siku iliyofuata tukampa pedi. Na hapa ndo nakuja kwenye kinachoniuma kuhusu hii gemu.

Gemu haimsubiri mtu mgeni. Mama anajua jiko kuliko mimi na dogo tukiwekwa pamoja, ila kidole gumba chake hakijazoea pedi, akitaka kugeuka kushoto anapitiliza, akitaka kuokota kitunguu anaokota sahani chafu. Na kiwango cha pointi ni kilekile kwa mzoefu na kwa mgeni, ukikosa nyota unarudia, na mlango wa steji za mbele unataka idadi fulani ya nyota ndo ufunguke. Hamna sehemu ya kuiambia ipunguze kasi. Alijaribu mara tatu, mara ya tatu akaweka pedi chini polepole akasema "chezeni wanangu, mimi nitawaangalia." Iliniuma sana ile. Gemu ya kushirikiana inatakiwa ijue kwamba kwenye nyumba moja kuna mtu wa miaka 19 na mtu wa miaka 58.

Na watengenezaji wenyewe waliliona, kwa sababu toleo la mkusanyiko lililoanza kutoka 2020, All You Can Eat, lina gemu zote mbili pamoja na nyongeza zake, na humo wakaweka namna ya kurahisisha, unaongezewa muda, oda zinachelewa kuisha, steji ikikushinda unaivuka. Sasa hiyo ndo ilitakiwa iwepo toka mwanzo, siyo mtu anunue tena kitu alichonacho.

Hadithi yake sitaiongelea sana. Mfalme wa Vitunguu amesoma kitabu cha uchawi akaamsha mikate iliyokufa, inatembea kama mizuka, wapishi wanatumwa wakajifunze mapishi ili waje kuishibisha. Watoto wa jirani waliipenda. Mwisho wake kwangu ulipita haraka, ukilinganisha na ile ya kwanza ambapo unaanza na dubwana la tambi, linakushinda, unarudishwa nyuma mpaka 1993 ukajipange upya, pale kulikuwa na kiu ya kurudi.

Steji zenyewe lakini, jamani. Kuna moja mnaanza kwenye puto linaloelea angani mnatengeneza saladi, hali ya hewa inachafuka, puto linaanguka katikati ya jiko la sushi na oda zote zinabadilika hapohapo mkiwa na majani mkononi. Kuna ya shule ya wachawi ngazi zinahama, ulipopita sasa hivi huwezi kurudi. Kuna ya maboya mtoni, hiyo naipenda kuliko zote, jiko linagawanyika mnabaki kila mtu na kipande chake na kurusha ndo njia pekee. Sema zipo chache ambazo mazingira yamezidi, unahangaika na sakafu kuliko chakula, na hapo yale maongezi yanakatika, kila mtu anapambana asianguke. Mimi naona jiko likitulia kidogo ndo watu wanapata nafasi ya kupangana.

Onlaini ni kitu kipya pia kwenye hii ya pili, ya kwanza ilipotoka ilikuwa lazima mkae chumba kimoja. Dogo aliporudi Iringa tukasema sasa tutatumia hiyo. Tunapigiana simu pembeni tunaacha spika wazi, kila mtu na laptop yake. Mtandao ukiwa vizuri raha ile ile, nasikia mpaka kelele za wenzake wa hosteli wanampigia makofi. Mtandao ukilegea ndo shida, kwangu naona nimemrushia kabichi vizuri na ameidaka, kwake kabichi iko chini na yeye ananiuliza iko wapi. Kwenye gemu ya kupiga risasi ucheleweshaji kidogo unavumilika, kwenye hii ambayo kila kitu ni "shika, leta, shika" nusu sekunde inavunja steji nzima. Na bando linakwenda. Juzi umeme ulikatika tukiwa tumebakiza oda mbili tu, laptop yangu betri lake limechoka, ikazima palepale, yeye akabaki na wapishi wawili peke yake Iringa anasema kwenye simu "dada nimalizie?" Nikamwambia acha, tutarudia wote.

Ukiwa peke yako inakupa wapishi wawili unahama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nilijaribu jioni mbili. Inachezeka, ila hakuna wa kumwambia leta samaki.

Anarudi mwezi wa tisa. Ile steji ya maboya tuna nyota mbili, ya tatu tumeikosa kwa pointi 40, na mama ameshasema tatizo ni mimi naosha sahani moja moja badala ya kusubiri zifike tatu.