Okei ilianza kama utani wa magazetini

Hii okei tunayoitia kila pahala, mpaka muuza urojo ukimwambia nitilie na bajia anakujibu okei, kumbe asili yake mchezo tu wa magazeti ya Marekani. Machi 1839 gazeti moja la Boston liliandika o.k. kwa maana ya "oll korrect", yaani all correct, sawasawa kabisa, ila spelingi imeharibiwa makusudi, ndo fasheni yao zama zile, kama vijana wetu na xaxa zao. 1840 ukaja uchaguzi, rais Martin Van Buren mtu wa Kinderhook, mji wa jimbo la New York, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, herufi zile zile, basi likaenea. Yeye mwenyewe akashindwa lol. Mie naipenda okei ya hapa Unguja, ile ya kuvuta, okeeei, hapo ujue hujaaminiwa hata chembe.