Vuli hii ngoma zetu zililala jikoni

Walioniambia "funga mpaka Januari" walikuwa wengi, na wote walinitakia mema. Mvua za vuli hapa Dar zinaanza Oktoba na kwenda hadi Desemba, na huo ndio msimu ambao darasa letu la ngoma za asili, hapa Buguruni, lilikuwa linakufa. Miaka miwili mfululizo lilikufa. Safari hii limepona, na naandika lilivyopona kwa sababu nimechoka kuambiwa suluhisho ni kuandika andiko kwa wafadhili.

Hatutozi ada. Tuna watoto thelathini na kitu, kila Jumamosi asubuhi, kwenye banda la bati tuliloazimwa na mtaa. Wanajifunza mdundiko, maana hii ni ardhi ya Wazaramo, wanajifunza sindimba ya Wamakonde, na wachache wanajifunza zeze kwa babu mmoja wa Kigogo. Huyo babu akianza habari za Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba, ala ya vyuma vidogo vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyefariki 2003, mchana unaisha hatujala.

Tatizo letu ni ngozi. Ngozi ya mbuzi inakunywa unyevu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ukigonga chapuo, ile ngoma ndogo, halisemi "ti", linasema "bwu", kama umegonga godoro. Mtoto wa miaka tisa anapiga, hasikii kitu, anaongeza nguvu, kiganja kinawaka moto, Jumamosi inayofuata humwoni. Wakubwa walikuwa wanasema watoto wa siku hizi wanapenda simu. Si kweli. Watoto walikuwa wanapiga ngoma zisizolia.

Kuna mtu aliyesomea muziki alinishauri nizifunge ngoma zote kwa nailoni. Nikanunua nailoni ya kutosha, nikazifunga moja moja kwa kamba, nikazipanga stoo. Baada ya wiki mbili nikafungua. Harufu ilinipiga kabla ya macho kuona. Unyevu uliokuwamo ndani haukuwa na pa kutokea, ngozi zimeota ukungu wa kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga. Nilikaa chini na kitambaa na chumvi, nikafuta hadi magharibi. Mtu huyo huyo akaniambia basi nunua ngoma za ngozi ya plastiki. Sikumjibu.

Nikarudi kwenye njia ya wazee, moto. Hiyo kila mpiga ngoma anaijua, ila mimi siku hiyo nilikuwa na haraka, wageni wako njiani. Nikawasha maboksi badala ya nyasi kavu, moto ukapanda ghafla, nikalisogeza chapuo letu zuri kuliko yote, lililochongwa kwa mti wa mkongo. Lilianza kuimba. Nikaligonga kwa kidole, "to", nikalirudisha, "ti", nikasema bado kidogo. Hapo ndipo nilipokosea. Likapasuka, mlio kama baruti, ufa kutoka ukingo hadi ukingo, na watoto wote wakaruka. Msichana mmoja akaanza kulia kwa sababu ndilo alilokuwa anapiga yeye.

Nilikwenda Vingunguti machinjioni kutafuta ngozi, elfu kumi na kitu hivi, sikumbuki vizuri. Nikailoweka usiku mzima, nikaiparua manyoya kwa kigae cha chupa, nikaiwamba ikiwa mbichi, nikaiacha kivulini. Jua kali halifai, linakausha upande mmoja na kuuacha mwingine. Kazi yote hiyo nilikuwa naifanyia kibarazani kwa mama anayekaanga vitumbua pale kona, maana kwangu kunavuja.

Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, hiyo niachie hapa hapa. Jiko langu linawaka kuanzia saa kumi alfajiri."

Nikaiacha. Ikanyesha usiku kucha. Jumamosi nikaenda kuichukua, nikaigonga pale pale mbele ya wateja wake. Ililia hadi mtu wa bodaboda ng'ambo ya barabara akageuka.

Nilitembea mtaani siku hiyo hiyo. Vumi likaenda kwa kijana wa chipsi. Machapuo mawili kwa bibi anayeoka mikate ya kumimina. Msondo kwa fundi pasi, ambaye chumba chake ni kikavu kama ghala la pamba. Nikawapa sharti moja tu, isikae juu ya jiko, ikae pembeni, hatua mbili, na isiwekewe kitu juu. Ngoma kumi na moja zikapata pa kulala, na stoo nikaifunga.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba Jumamosi watoto wakawa wanapita kuchukua ngoma nyumba kwa nyumba. "Shikamoo bibi, tumekuja kuchukua chapuo." "Marahaba, na mmekunywa chai?" Bibi akaanza kuuliza wanapiga nini. Akaja kuangalia. Akamrekebisha mtoto mkono, kumbe ujana wake wote alikuwa anacheza mdundiko Kisarawe! Sasa anafundisha.

Novemba kijana wa chipsi ndiye aliyetoa nauli tukawapeleka watoto Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, wakaziona nyumba za asili za makabila mbalimbali. Na mwisho wa vuli, badala ya onyesho bandani, nikachukua kibali kwa mwenyekiti wa mtaa, tukautembeza mdundiko kama unavyotakiwa kutembezwa. Tulisimama kila mlango uliolaza ngoma. Mwenye mlango anatoka, anatunza ngoma yake. Hakuna aliyeshika bahasha ya mchango. Fundi pasi alibandika noti kwenye paji la mtoto anayepiga msondo, akasema kwa sauti, "Huu ni wangu huu!" Zilipatikana laki mbili na ushee, bati mbili zilizokuwa zinavuja tumezibadilisha.

Machapuo mawili bado yako kwa bibi wa mikate. Mvua zimekwisha, nimeyafuata mara mbili, na mara zote mbili amenipa mkate nikarudi nao bila ngoma.