Altezza yangu ilikuwa inakufa kila Ijumaa, na betri haikuwa na kosa

Niliinunua mkononi mwa mtu hapa hapa Dar. Altezza RS200, injini ya 3S-GE, gia sita za mkono, gari niliyoitamani tangu sekondari. Kazini naenda na mwendokasi, kwa hiyo Jumapili naiegesha, Ijumaa jioni ndiyo naiwasha. Ijumaa ya kwanza nikageuza ufunguo: tik, tik, tik, kimya. Tukaisukuma, gia ya pili, nikaachia klachi, ikawaka. Wiki iliyofuata hivyo hivyo.

Fundi wa kwanza hata boneti hakuifungua vizuri. "Bosi, betri imekufa, weka mpya." Nikaweka NS60 mpya, laki na nusu na ushee. Ijumaa, kimya. Fundi wa pili akasema altaneta haichaji, akanipigia hesabu ya karibu laki tatu. Hapo nikakasirika, maana kati yao hakuna aliyeshika mita ya kupima umeme! Nikanunua ya kwangu Kariakoo, elfu ishirini na kitu. Injini ikinguruma, betri inasoma volti 14.2, yaani inachajiwa. Altaneta nzima kabisa. Jirani naye akanionya nisiiweke betri sakafuni, eti saruji inanyonya moto. Betri za siku hizi zina kasha la plastiki, saruji hainyonyi chochote.

Basi kuna kitu kilikuwa kinakula moto gari ikiwa imezimwa. Nikafungua kichwa cha hasi cha betri, nikaunganisha mita kati ya kichwa hicho na betri, nikaiweka kwenye ampea 10. Jaribio la kwanza liliharibika: nikasahau, nikageuza ufunguo kuwasha. Starta inavuta ampea zaidi ya mia, fyuzi ya mita ikakatika palepale, na mimi nikakaa nusu saa nzima nikiamini gari haili kitu kwa sababu mita inasoma sifuri. Ukishaunganisha mita, ufunguo uweke mfukoni.

Fyuzi mpya, jaribio la pili. Nilibana kitufe cha mlango kwa selotepu ili gari ione umefungwa, nikasubiri kama dakika ishirini vifaa vyote vilale. Mita: ampea 0.44. Gari iliyolala isizidi 0.05. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Redio, hamna kitu. Honi, hamna kitu. Nilipochomoa iliyoandikwa DOME, namba ikaanguka hadi 0.02. Nilipiga kelele hadi mama mwenye nyumba akatoka nje.

DOME ni taa za ndani, na zote nilikuwa naziona zimezimika. Imebaki ya kwenye buti, na hiyo ukifungua inawaka, kama inavyotakiwa. Sasa ukishafunga utaionaje? Nikaweka simu ndani ya buti inarekodi video, nikafunga, nikahesabu hadi thelathini, nikafungua. Video nzima kweupe, taa inawaka muda wote! Balbu ya wati 5 tu, lakini hiyo ni zaidi ya ampea 0.4. Betri ya ampea-saa 45 inaisha ndani ya siku nne na nusu. Jumapili hadi Ijumaa, hesabu imekaa pale pale.

Nilipobandua kapeti nikakuta mwenyewe wa zamani alifunga spika kubwa, na aliyezifunga alikata waya wa swichi ya buti na kuubana kwenye bodi ya gari, ndiyo maana taa haikuzimika hata buti ikifungwa. Nikaurudisha kwenye swichi, nikafunga tepu. Kipande cha waya cha kuungia nilikitoa kwenye chaja mbovu ya simu.

Jumapili usiku betri ilisoma volti 12.6. Ijumaa jioni 12.5, ikawaka kwa mpigo mmoja. Ile betri ya zamani iliyosemwa imekufa niliichajisha usiku kucha, na mpaka leo ndiyo inawasha Noah ya shemeji yangu.