Kanga ya mama, wiki ya sita

Kwa aliyekuja leo: kanga ni ya mama. Ilivaliwa, ikabebea watoto, ikaishia Kibirizi kufunikia dagaa, mpaka imekuwa nyepesi kama ganda la kitunguu. Naidarizi bila kuchora ua wala ndege. Mishono inafuata pale kitambaa kilipochakaa.

Wiki iliyopita niliharibu. Niliikaza kwenye fremu kama ninavyokaza vitambaa vya mezani, nikalala. Asubuhi nakuta imechanika urefu wa kiganja. Sasa nimeilaza juu ya marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nikazishika kwa bandi kubwakubwa, yaani mishono ya muda, na nadarizi mkononi. (Marekani si mgeni hapa Ujiji. Msafara wa Stanley uliofika mwaka 1871 ulibeba nguo za aina hii kwa ajili ya kununulia chakula njiani.)

Kilichonila siku ni uzi. Wanawake wa Bengal, huko India na Bangladesh, walioshona kantha (matandiko ya tabaka za nguo zilizodariziwa pamoja) kwa sari kuukuu walizoea kuchomoa nyuzi kwenye pindo za sari zilezile. Nikaiga. Ila nyuzi za pindo la sari hutiwa rangi kabla ya kufumwa, na kanga hupigwa chapa juu juu. Basi uzi wangu ukatoka madoadoa: weusi kidogo, wekundu, weupe, weusi tena. Nusura niutupe. Nikajaribu mstari mmoja tu, na mstari huo ndio umenipa kazi nzima: rangi inabadilika yenyewe katikati ya mshono, mimi siulizwi. Tatizo ni kwamba uzi nao unakatika kila baada ya mishono minne mitano. Nasokota nyuzi mbili pamoja, nazipitisha kwenye nta ya nyuki, angalau zinastahimili.

Doa la mafuta ya dagaa nimelizungushia mistari, mmoja nje ya mwingine, hadi kwenye ule mchaniko. Shangazi akainama kutazama.

"Mwanangu, hii ramani ya wapi?"

"Si ramani, shangazi."

"Basi ni nini?"

"Ni kanga."

Akaguna.

Jina la kanga limefutika, imebaki USINI peke yake. Mama anasema lilikuwa "Usinionee wivu". Shangazi anaapa ni "Usinisengenye", na kwamba yeye ndiye aliyeinunua. Mpaka giza linaingia walikuwa hawajakubaliana. Hapo sipitishi sindano.