Nimempata anayenyonya betri yangu

Wiki tatu mfululizo, kila Jumatatu asubuhi nimeshtua gari kwa betri ya jirani. Betri ni mpya, alternata (inayochaji betri injini ikiwaka) imepimwa inatoa volti 14.2, lakini gari likilala siku mbili tu haliwaki!

Jumamosi nikaamua kutafuta mwenyewe. Nilifungua waya wa hasi, nikaunga mita ya umeme kati ya waya na betri, kwenye kipimo cha ampea 10. (Jamani, msipige stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua.) Nikasubiri nusu saa, maana kompyuta za gari huchelewa kulala. Mita ikasoma ampea 0.38, wakati kawaida haitakiwi kuzidi 0.05. Kwa betri ya Ah 45 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba), hiyo ni karibu Ah 9 kila siku.

Nikachomoa fyuzi moja moja. Ilipotoka ya redio, ikashuka hadi 0.03. Kumbe waya wa kuiwasha amplifaya (kikuza sauti cha redio) uliungwa kwenye umeme wa redio usiokatika! Nilipoigusa chini ya kiti, ilikuwa vuguvugu. Nimeuhamishia waya kwenye umeme unaokuja ufunguo ukifunguliwa.

Leo Jumatatu limewaka mara moja. Nimefurahi mno.