Hela ipo, shule ya kuipeleka ndo hamna
Jana nilienda kikao cha wazazi kwenye kashule ka hapa kijijini kwetu Iowa, Marekani, tumekalia vile viti vya watoto magoti yanagusa kidevu 😂 wakaanza kutuelezea ile sheria aliyosaini gavana Kim Reynolds Januari 2023, ukimpeleka mtoto praiveti jimbo linakulipia, mwaka wa kwanza ilikuwa kama dola 7,600 kwa mtoto. Haya, ila praiveti yenyewe huku iko wapi jamani, mahindi kulia mahindi kushoto! Na hela ya shule ya serikali si inafuata idadi ya wanafunzi, wakihama watano hela inapungua ila basi la shule bado linazunguka njia ile ile, dereva analipwa, hita inawaka. Mzee mmoja mkulima akauliza "sasa mjukuu wangu akasome ghalani?" tukacheka weee, mpaka waliposema wanafikiria kuunganisha darasa la tatu na la nne.